TUME IJE KABLA YA MOTO

Mwaka huu nimeonelea tuzungumze juu ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na sisi tulio shuleni.

Ukiitaja tume hiyo bwenini utasikia vicheko. Mwanafunzi mtundu akiambiwa akafagie hujibu, "Ala! Nitakupeleka kwa haki za kibinadamu!" Walimu wengine nao husema kwamba ati haki hizo ndizo zilizoharibu watoto wa siku hizi. Mimi binafsi naona pande zote mbili zimekosea. Tume haikuundwa kumkinga mvivu asishike ufagio, wala kumvunjia mwalimu heshima. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba binadamu hatendewi unyama, hata akiwa amevaa sare ya shule.

Hebu tutazame sheria. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi, kimwili au kiakili, na anayepatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 59, inampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa tume. Kila mtu, jamani! Haikusema kila mtu mzima.

Basi tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba wakubwa huja shuleni maji yakiwa yamekwisha mwagika. Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliteketea na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo: madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Lakini Septemba 2024 tulilia tena, safari hii watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, na taifa likaomboleza kwa siku 3.

Haki ya kwanza ya binadamu ni kuishi. Kwa hivyo vyuma dirishani si jambo la fundi peke yake, ni jambo la tume pia. Yafaa maafisa wake watutembelee muhula wa kwanza, waje na futi ya kupimia, wakague mabweni na kutusikiliza, wala wasingoje majivu.

Na sisi je? Wengi wetu tuna malalamiko lakini twanyamaza, maana anayesema huitwa msaliti na wenzake, au mkaidi na wakubwa. Uchungu hukaa moyoni ukichacha kama uji wa juzi, mpaka mjinga mmoja ashike kiberiti. Sisemi kwamba kuchoma bweni kuna udhuru. La hasha! Achomaye bweni huwachoma wenzake, si mwalimu mkuu. Ninachosema ni kwamba barua moja ya kweli, isiyo na uongo wala matusi, ina nguvu kuliko kiberiti. Iende kwanza kwa mwalimu, kisha kwa bodi ya shule, na isiposikizwa iende kwa tume.

Walimu wetu wapendwa, ombi langu ni dogo. Bandikeni kifungu hicho cha 59 kwenye ubao wa matangazo, pamoja na anwani ya tume. Mwanafunzi anayejua pa kulia hatapiga mawe. Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona. Tuuzibe sasa.