Saikati Alipofika Garissa

Nilikuwa na umri wa miaka 15 mwalimu wetu hapa Garissa alipoazima televisheni na kutuonyesha "Saikati", sinema ya mwaka 1992 iliyoelekezwa na Anne Mungai. Binti wa Kimaasai anayetamani kuwa daktari anatoroka ndoa ya kulazimishwa. Darasa lilinyamaza. Dawati lililokuwa nyuma yangu lilikuwa tupu. Mwenzetu aliyelikalia alikuwa ameozwa wakati wa likizo.

Hadi leo, mvi zimenitoka, ningali shabiki wa Bi. Mungai. Sehemu ya Nairobi, kwa maoni yangu, imerefushwa mno, lakini hakuna hotuba ya baraza iliyopata kutugusa vile. Enyi walimu wa Garissa, Wajir na Mandera, ionyesheni shuleni na muwaalike wazazi. Wavulana nao wakae mbele.