AJABU ZA UUMBAJI: Mvuke wa Zebaki

Mwezi uliopita tulisimulia jinsi almasi ya Mwadui inavyokataa maji na kushikamana na grisi, hata ikaweza kutengwa na kokoto juu ya meza iliyopakwa mafuta. Mwalimu mmoja wa upande wa Geita akatuandikia kwamba kwao hakuna almasi, kuna dhahabu. Je, dhahabu nayo haina ajabu ya kuwaonyesha watoto?

Inazo. Ya kwanza imo ndani ya karai. Mtu akitia mchanga uliosagwa pamoja na maji, akalizungusha karai na kuliinamisha kidogo kidogo, mchanga hutoka na maji, dhahabu husalia chini. Sababu ni uzito. Tukichukua vipimo vilivyo sawa kwa ukubwa, maji yakiwa na uzito wa 1, mchanga mweupe una 2.65, chuma 7.9, zebaki 13.5, na dhahabu 19.3. Maji yaendayo hukichukua kilicho chepesi, kilicho kizito hukiacha. Mwalimu asiye na dhahabu achanganye misumari midogo na mchanga katika bakuli, azungushe vivyo hivyo, na darasa zima litaelewa.

Ya pili ni zebaki yenyewe, madini yaliyo majimaji. Kipande cha chuma huelea juu yake kama kizibo juu ya maji, lakini dhahabu huzama, kisha hubadilika rangi ikawa nyeupe kama fedha. Zamani walimu wa sayansi waliwaonyesha wanafunzi mambo haya mezani. Siku hizi haifai, na sababu yake ndiyo hasa niliyokusudia kuandika.

Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga mzito uliobaki karaini. Zebaki hukamata chembe za dhahabu ambazo jicho halizioni. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka 1064. Basi zebaki huondoka, dhahabu ikabaki ikimetameta. Watu husema, “Imekwisha.” Lakini imekwenda wapi?

Jioni hii, mama akiteleka birika, waiteni watoto wasimame mbali kidogo, watazame mdomo wake. Maji yakichemka sana wataona wingu jeupe. Lakini waangalie vema: wingu lile halianzi mdomoni. Kati ya mdomo na wingu pana nafasi ndogo iliyo wazi, kana kwamba hapana kitu. Hapo ndipo ulipo mvuke wenyewe, na hapo ndipo panapounguza kuliko mahali pengine pote. Lile wingu ni matone ya maji yaliyokwisha kupoa. Ashikaye kifuniko baridi juu yake, kwa kitambaa ili asiungue, ataona matone yakikusanyika na kudondoka.

Zebaki nayo hufanya vivyo hivyo, ila mvuke wake hauhitaji moto. Hutoka hata katika kichupa kilichoachwa wazi rafuni. Wataalamu wana njia ya kuuonyesha. Huchukua ubao uliopakwa unga wa kung'aa, wakaumulika gizani kwa taa ya mionzi isiyoonekana kwa macho yetu, nao ubao hung'aa. Kisha huweka kichupa cha zebaki kati ya taa na ubao. Ukikitazama kichupa, huoni kitu kikitoka. Ukitazama ubao, unaona kivuli cha moshi kikipanda kwa mikunjo na kutawanyika! Sababu ni kwamba ndani ya taa hiyo imo zebaki pia: mwanga unaotolewa na mvuke wa zebaki ndio ule ule unaomezwa na mvuke mwingine wa zebaki. (Ile mirija mirefu ya taa nyeupe ina zebaki kidogo, watoto wasiivunje kwa mchezo.) Jambo hili tuwaachie wataalamu, maana mionzi ile nayo huumiza macho.

Sasa fikirini nyumba ambamo donge huchomwa jikoni usiku, mlango umefungwa ili jirani asijue. Mvuke hupanda, hukutana na bati lililo baridi, hugeuka matone madogo, hushuka juu ya sufuria na kitanda cha mtoto. Yule mama mjamzito ameketi pale pale. Baada ya miaka, mikono ya baba yaanza kutetemeka, usingizi wampotea, asahau maneno, awe mwepesi wa hasira. Hapo baadhi ya watu, hata waliobatizwa, huenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hutaja jina la bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani twajua vema yanayofuata. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi tu.

Mwaka 2003 matabibu waliwapima watu wa Rwamagasa, wilaya ya Geita, wakakuta kwamba katika wale wachomao, mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na sumu ya zebaki mwilini. Mtu atetemekaye hivyo apelekwe hospitali, na tabibu aambiwe kazi anayoifanya, kwa kuwa zebaki hupimika katika mkojo. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako samaki wenye sumu hiyo waliwaua watu wengi.

Asiyeweza kuiacha zebaki mara moja asichome kamwe ndani ya nyumba, wala katika chombo cha kupikia, wala mbele ya wanawake na watoto. Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza na bomba lishukalo kwenye maji baridi. Kazi yake ni ile ya kifuniko juu ya birika: mvuke huingia bombani, hupoa, hugeuka matone, na zebaki hurudi katika kopo, mwenye nayo akaitumia wiki ijayo bila kununua nyingine.