Shule na Karakana Zishikane Mikono

Kijana anatoka shule ya ufundi na cheti mkononi, lakini hajapata kufungua injini hata moja. Mwajiri anamkataa. Katika karakana hiyo hiyo yumo fundi wa miaka mingi asiyepanda cheo, kwa kuwa hana cheti. Wote wawili wamezuiwa na ukuta mmoja, ule unaotenga shule na kazi.

Mwaka 2008 sheria ya elimu ya ufundi nchini Uganda ilikusudia kuubomoa. Idara ya Mafunzo ya Viwandani ilipewa kazi ya kujua waajiri wanahitaji ustadi gani, na ya kumpima fundi aliyejifunza kazini ili naye apate cheti.

Ndugu askari, jambo hili si la wizara peke yake. Sisi ni wazazi, na watoto wetu wanakua kambini wakingoja kazi. Tena tunazo karakana za magari, mafundi umeme na waashi. Ni haki lango kulindwa. Lakini karakana isiyo na siri yaweza kumpokea mwanafunzi kwa muhula mmoja, chini ya macho ya sajini fundi.

Tunashauri kila kamanda akutane na wakuu wa shule za ufundi wilayani mwake, wapatane idadi, muda na kipimo. Naye askari fundi akapimwe kabla ya kustaafu, si baada. Bunduki hurudishwa ghalani. Ustadi mtu huenda nao nyumbani.