Kiti cha tezi nacho kipimwe

Wadau wa soka, benchi la ufundi mnalijua. Kwenye boti ya tanga liko tezi: kibao kwenye kona ya reli ya nyuma, ukikaa unaona tanga na wenzako wote.

Kujitengenezea sipingi. Napinga ile ya "funga kamba, tutaona mbele." Mwaka juzi nilikalia kiti cha hivyo. Wimbi moja tu, kibao kikazunguka kwenye bomba, nikajikuta majini, bila jaketi okozi.

Bomba ni duara, jamani! Kazeni kwa bolti za stenlesi, wekeni mguu wa kukibeba chini, kisha watu wawili wakikalie boti ikiwa bado imetia nanga. Mchezaji hasajiliwi bila vipimo. Kiti je?