A-unganifu kwenye Mstari wa Amri

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta aghalabu huishia kwenye istilahi: faili au jalada, folda au kabrasha. Ni nadra kuulizwa iwapo kompyuta italipokea jina la Kiswahili bila kulivunja, ilhali hilo ndilo suala zito zaidi.

Chukulia karani anayenakili bei sokoni Gakoromone, mjini Meru, na kuzihifadhi katika faili iitwayo "Bei za ndizi". Mwanafunzi wa kompyuta anamwandikia programu ndogo ya kuzijumlisha. Ili kuiendesha, karani huchapa jina la programu kwenye mstari wa amri, kisha njia ya faili, yaani folda moja baada ya nyingine hadi faili yenyewe, zikitenganishwa kwa mkwaju. Anachapa, anajibiwa kwamba hakuna faili iitwayo "Bei". Kila nafasi imechukuliwa kuwa mpaka, na programu imekabidhiwa vipande vitatu: Bei, za, ndizi.

Ushauri wa kawaida ni kwamba karani aondoe nafasi hizo, au afupishe jina. Ushauri huo wapasa kupingwa. Nomino "bei" haibadiliki katika wingi; hapa a-unganifu ndiyo pekee inayobainisha kama bei ni moja au ni nyingi. Kuandika "Beindizi" si kufupisha bali ni kuitupa sarufi. (Kistari chini huiokoa sarufi, lakini humtwika karani mzigo usio wake.)

Wala kasoro hii si ya Kiswahili pekee. Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, iliruhusu majina marefu yenye nafasi, na folda yake maarufu, Program Files, ina nafasi hiyo hiyo. Dawa nayo yajulikana: njia nzima hufungwa kwa alama za mtajo. Hata hivyo, karani aweza kuifunga vyema na kazi bado ikaharibika ndani, pale skripti inapoipokea njia ikiwa nzima kisha kuipitisha kwa amri nyingine bila kuifunga tena. Hapo jina huvunjika kwa mara ya pili, na mwenye kosa ni aliyeiandika skripti.

Programu iliyojaribiwa kwa faili iitwayo data.txt pekee haijajaribiwa. Wahadhiri wa kompyuta waidai kwanza ifungue "Bei za ndizi" iliyomo katika folda ya "Soko la Gakoromone", ndipo watoe alama.