Ukimtengenezea Mtu Tovuti, Mwachie Funguo

Wasee, leo niko na maneno na sisi wenyewe, sisi tunaokaa kejani na laptop tukitengenezea watu tovuti za biashara. Najua kuna mbogi itanikasirikia. Sawa tu.

Mwaka jana nilipigiwa simu na fundi mmoja wa fanicha pale Ngong Road. Unawajua wale wa kando ya barabara, vitanda na makochi yamepangwa nje, vumbi ya magari ikiyapiga mchana kutwa. Huyu mzee alikuwa na tovuti tayari. Anwani yake ilikuwa kwenye bango la karakana, kwenye kitabu cha risiti, hata ilikuwa imechorwa kwa mlango wa pikapu yake. Shida ni moja. Ukiiandika kwa simu, hakuna kitu inafunguka.

Kilichotokea ni hiki. Kijana aliyemfanyia kazi alisajili domeni, yaani lile jina watu wanaandika ili wafike kwa tovuti, akitumia barua pepe yake mwenyewe. Mwaka ukaisha. Kikumbusho cha kulipia kikaenda kwa huyo kijana, na huyo kijana alikuwa ameingia mitini kitambo. Nambari haipatikani.

"Sasa kijana wangu," mzee akaniuliza, "hiyo jina si ni yangu? Ni jina ya duka yangu hiyo."

Nilikosa jibu la haraka. Jina la biashara lilikuwa lake kweli, na cheti cha usajili kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya randa. Lakini domeni za kwetu, zile za .co.ke, ziko chini ya KeNIC, na unazinunua kupitia kampuni zilizoidhinishwa, unalipia kila mwaka. Kwa hiyo kampuni, mteja ni yule mwenye akaunti. Mzee alikuwa ametoa pesa, lakini kwa rekodi zao hakuwepo popote. Tuliwaandikia, tukaambatisha cheti na nakala ya kitambulisho, wakatuambia tuzungumze na mwenye akaunti. Yule yule hapatikani. Ikabidi tungoje mpaka jina liachiliwe ndiyo nilisajili upya, na muda huo wote pikapu ilikuwa inazunguka tao ikitangaza anwani iliyokufa.

Hapa ndipo wengi wetu tunajifanya hatujui. Kusajili domeni ya mteja kwa jina lako mara nyingi si uvivu. Ni bima. Asipolipa, unazima. Najua kwa sababu nilifanya hivyo kwa wateja wangu watatu wa kwanza.

Mmoja alikuwa mama wa saluni kule Rongai. Tulikubaliana thao kumi na tano, akanipa tano, zingine zikawa "nitakutumia jioni." Jioni za wiki sita! Nikazima tovuti, nikajiona mjanja sana. Doo ikaingia siku ya pili. Kitu sikuwa nimefikiria ni kwamba ilikuwa Desemba, ile wiki kila mtu anataka kusukwa kabla ya kwenda ushago, na wateja wake walikuwa wanapanga saa zao kupitia hiyo tovuti. Wasusi wake wawili wanalipwa kwa kila kichwa. Hao hawakuwa na deni langu hata bob.

Usinielewe vibaya, sisemi tufanye kazi ya bure. Wateja wa kutuzungusha wako, tena wengi, na kodi ya nyumba haingoji jioni ya mtu. Lakini kuna njia ya kujilinda bila kushika biashara ya mtu shingo. Siku hizi nachukua nusu kabla sijafungua laptop. Naijenga tovuti kwa anwani yangu ya majaribio, mteja anaiona, anaikosoa, anaonyesha mke wake. Akimaliza kulipa, naihamishia kwa domeni yake. Asipomaliza, inabaki kwangu na yeye hajapoteza kitu alichokuwa nacho. Na makubaliano nayaandika, hata kama ni kwa WhatsApp: kazi ni hii, bei ni hii, marekebisho ni mara mbili, ya tatu unalipia. Hiyo ya marekebisho usiiache, buda, utakuja kubadilisha rangi ya kitufe mpaka Krismasi.

Turudi kwa mzee. Siku ya kwanza nilienda karakana bila laptop, nikakaa kwa stuli saa mbili nikisikiliza simu zake. Karibu kila mtu aliuliza mambo manne. Mko wapi hasa? Kochi ya watu saba ni ngapi? Inachukua siku ngapi? Mnaleta mpaka nyumbani? Hiyo ndiyo ikawa tovuti. Hakuna "Karibu kwenye ulimwengu wa starehe," hakuna picha za wazungu wakicheka kwenye sebule ambayo hajaitengeneza yeye.

Kwa bei tulibishana kidogo. Mafundi hawapendi kuandika bei kwa sababu kitambaa na mbao hupanda, na pia, tuseme ukweli, bei huangalia viatu vya mteja. Mwishowe akakubali "kuanzia shilingi hivi," na chini yake tukaandika kinachofanya iongezeke.

Picha alipiga binti yake asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila moja ilikuwa karibu MB 4. Ukiweka ishirini kama zilivyo, hizo ni MB 80, na anayefungua ni mtu yuko kwa matatu na kabando ka mbao. Nilizipunguza zote zikawa chini ya KB 200, na kwa simu huoni tofauti. Video ya kujicheza yenyewe pale juu, mzee aliitaka, nikakataa.

Fomu ya kujaza sikuweka. Mzee hasomi barua pepe, na ukianza kukusanya majina na nambari za watu kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lazima ujue unaziweka wapi na za nini. Kitufe cha WhatsApp kinatosha. Depo inaingia kwa Till ya duka, jina la biashara linatokea kwa meseji, mteja anatulia. Kile kikufuli cha usalama kando ya anwani nilikiwasha kwa cheti cha Let's Encrypt, ambacho ni cha bure. Kama kuna mtu alikuuzia hicho cheti kwa elfu kadhaa na una ukurasa mmoja wa kuuza makochi, alikula fare yako.

Kazi iliyonitoa jasho ilikuwa barua pepe. Nilitaka akaunti ya domeni iwe ya mzee mwenyewe. Alikuwa na Gmail, ile waliyomfungulia dukani siku alinunua simu, na hakujua paswadi. Tulipoteza karibu saa nzima kuirudisha. Halafu akalipia domeni kwa M-Pesa yake, kwa simu yake, kwa jina lake. Ilikuwa kama elfu moja na kitu. Mimi nikabaki kwa rekodi kama mtu wa ufundi tu. Paswadi zote aliziandika kwa kitabu chake cha vipimo, katikati ya urefu wa kabati la mtu na namba ya kitambaa. Najua watu wa usalama wa mitandao mnashika kichwa. Lakini mwizi akivunja ile karakana usiku anatafuta drili, si WordPress.

Binti yake nilimfundisha kuongeza picha na kubadilisha bei, na kubonyeza pale pa kusasisha programu kila wiki, kwa sababu tovuti ya WordPress isiyosasishwa huvamiwa haraka. Alielewa kwa siku moja.

Na sasa ile sehemu hakuna mtu hukuambia. Ukimpa mteja funguo, hakuhitaji tena. Zile pesa za kila mwezi za "kutunza tovuti" ambazo wengine mnakula kwa kubonyeza kitufe kimoja, mimi sipati. Kuna mteja wangu mwingine alichukua funguo zake akaenda kwa msee wa bei nusu yangu, na sikuwa na la kufanya. Iliniuma. Mwezi huo nilikula githeri mpaka nikaichukia.

Juzi nikiwa kwa matatu nilifungua ile ya mzee kuangalia kama bado inafunguka haraka. Inafunguka. Kuna meza mpya sita sijawahi kuona, bei zimebadilishwa, na binti amegeuza vichwa vyote kuwa pinki, pinki ile ya kuumiza macho kabisa. Nilitoa namba yake nimpigie. Halafu nikarudisha simu mfukoni, nikashuka stage yangu.