Uniti 14 za Kasulu

Mjomba wangu wa Kibondo hapendi kununua umeme kwa simu. Anasema zile namba 20 za tokeni zinamchanganya. Kwa hiyo uniti zikibaki chache ananitumia hela, nami namnunulia nikiwa huku Kasulu, kisha nampigia na kumsomea namba moja moja, naye anazibonyeza taratibu kama mtu anayefungua sefu. Jioni moja ya mwezi Mei nilinunua mara mbili mfululizo: 5,000 kwa mita yake, 5,000 kwa mita ya nyumba tuliyopanga. Simu ile ile, mtandao ule ule. Ilikuwa katikati ya mwezi, kodi ya jengo imeshakatwa pande zote mbili. Meseji yake ilileta uniti 40.98. Yetu ikaleta 14.04.

Nilidhani nimekosea. Nikahesabu upya, nikawaonyesha wenzangu, mmoja akacheka akasema mjomba wako ana kinga.

Mjomba hana kinga. Ana mshahara, ana pikipiki, ana friji dogo na televisheni, na anaishi peke yake tangu watoto wake waondoke. Sisi tulikuwa wanafunzi tisa katika vyumba vitano, hakuna mwenye mshahara, na wengine walikuwa wanakula mlo mmoja kuanzia tarehe 20. Kila uniti tuliyotumia tuliilipia karibu mara tatu ya bei anayolipa yeye. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko nilivyofikiria mtihani wowote, na sioni namna ya kulitetea.

Utaratibu wenyewe si siri. Mteja wa nyumbani anayetumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yuko kwenye daraja la D1, ambako uniti ni shilingi 100. Ukiongeza VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1 na REA asilimia 3, inafika 122. Anayetumia zaidi yuko T1, uniti shilingi 292, na pamoja na makato hayo inapita kidogo 356. (Ile asilimia 3 ya REA siilalamikii hata siku moja. Ndiyo iliyopeleka nguzo vijijini kwetu.) Nia ni njema kabisa: asiye na kitu hatumii umeme mwingi, basi auziwe kwa bei ya chini.

Tatizo ni kwamba mita haijui kuhesabu watu. Inajua uniti tu. Chukua wanafunzi tisa, kila mmoja atumie uniti 10 kwa mwezi, yaani taa, simu, redio, pasi ya haraka kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha, na ndoo ya maji ya moto asubuhi za Juni, maana asiyeijua baridi ya Kasulu asituhukumu. Jumla ni uniti 90. Mita inaona mteja mmoja mkubwa aliyevuka 75, inamweka na wenye viyoyozi. Mjomba na uniti zake 60 anaonekana mnyonge. Bei iliyotungwa kwa ajili ya maskini inamfikia mtu anayeishi peke yake, na maskini wenyewe, kwa sababu hawana uwezo wa kuishi peke yao, wanaikosa.

Sisi wala si wa pekee. Nyumba za kupanga chumba kimoja kimoja zimejaa Tanzania nzima, Mbagala, Mabatini, Mwanga kule Kigoma mjini, familia nane zikitazama mita moja ukutani. Mwanafunzi ataondoka baada ya miaka miwili na hasira yake. Mama anayeuza vitumbua chumba cha pili ataendelea kulipa.

Kinachoniudhi zaidi ni tulichofanyiana sisi wenyewe. Nyumba yetu ilikuwa na daftari. Kila aliyenunua umeme aliandika, na kila Jumapili tulikaa kwenye ngazi kusomeana mashtaka. Fulani alilala taa ikiwaka. Fulani alichaji simu mbili. Kuna dada wa chumba cha mwisho tulimnunia wiki nzima kwa sababu alikuwa anasoma hadi saa nane usiku. Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya taa yake: balbu ya wati 9, saa tano kila usiku, siku 30, ni uniti 1.35. Hata kwa bei yetu ya juu ni shilingi 481 kwa mwezi mzima. Tulimnunia mtu kwa hela isiyotosha chapati mbili na chai. Wakati huohuo uniti zetu 90 zilitugharimu 32,000 na ushei, na zingetugharimu chini ya 11,000 kama kila mmoja wetu angehesabiwa kuwa mtu. Shilingi 21,000 zilitoka mlangoni kila mwezi nasi tumekaa kwenye ngazi tunagombania 481.

Ndiyo maana sitaki tena kusikia ushauri wa kuzima taa. Zimeni taa, ndiyo, ni adabu. Ila msituambie hilo ndilo tatizo letu.

Na kuna ile 1,500. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Kila tarehe za mwanzo wa mwezi, yeyote atakayekuwa na bahati mbaya ya kununua wa kwanza ataona elfu kumi yake imekuwa 8,500 kabla hata haijageuzwa kuwa uniti: anapata 23.9 badala ya 28. Kwetu hilo lilizaa mchezo wa kijinga. Kuanzia tarehe 29 kila mtu alijifanya hana hela, tukakaa gizani siku mbili tukingoja nani atachoka kwanza. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Jina lenyewe linasema hivyo. Wapangaji tuliambiwa tangu mwanzo tukubaliane na wenye nyumba watupunguzie kwenye pango, kana kwamba mwanafunzi wa miaka 20 na mama mwenye nyumba yake wanakutana mezani wakiwa sawa.

Nilijaribu. Nilimpigia mama mwenye nyumba, ambaye anaishi Kigoma mjini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Choo hakijajaa?"

Nikamweleza ile 1,500, mara 12, ni 18,000 kwa mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme ukweli. Kisha akasema, "Mwanangu, umeme unatumia wewe au mimi?" Nikabaki na simu sikioni. Kwake yeye meseji ya LUKU ni meseji ya umeme, na kilichomo ndani yake chote ni umeme. Serikali ilipoiweka kodi yake humo ilimpa jibu hilo bure.

Watu wakisikia haya husema: si mfunge mita zenu? Kuunganishiwa umeme mjini ni shilingi 320,960 kama huhitaji nguzo. Kijijini ni 27,000, lakini chuo hakiko kijijini. Hiyo 320,960 mwanafunzi ailipe kwa ajili ya ukuta usio wake, aondoke baada ya miaka miwili aiache? Wengine hushauri mita ndogo za kila chumba. Tuliwahi kuwa nazo katika nyumba nyingine niliyokaa, na zinasaidia kujua nani katumia nini, lakini bei haishuki hata senti, kwa sababu mita kubwa pale nje bado inaona mteja mmoja.

Hapa ndipo gesi inapoingia. Mlangoni kwetu palibandikwa karatasi: HAKUNA HITA. HAKUNA JIKO LA UMEME. Ndoo za maji tulizipasha kwa siri. Jiko la umeme halifichiki, basi chumba chetu, watu watatu, tukachanga tukanunua mtungi mdogo wa kilo 6. Wiki ya kwanza tulijiona tumehamia Masaki. Kisha yakaja maharage. Hapa kwetu maharage hayakwepeki. Kasulu na Kibondo zinalisha nusu ya masoko ninayoyajua, na debe analokupa mama yako ukiondoka nyumbani ndilo posho yako. Lakini maharage makavu kwenye gesi ni kuchoma noti. Mtungi hauna mshale wa kukuonyesha kilichobaki. Tulikuwa tunaumwagia maji ya moto ubavuni na kupapasa baridi inaanzia wapi, kama waganga. Ulitufia katikati ya sufuria, saa mbili usiku, maharage yakiwa yamelainika nje na mawe ndani. Kuujaza ni zaidi ya 20,000 kwa mkupuo, na tulikuwa na 3,000 kwa jumla. Mkaa unauzwa wa buku. Tukanunua wa buku.

Hivyo ndivyo watu wanavyorudi kwenye mkaa, na si kwa sababu hawajaelimishwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Mama yangu ana kifua cha moshi wa kuni, na wilaya hizi, zilizobeba kambi za Nyarugusu na Nduta kwa miaka, zinajua vizuri ugomvi wa kuni unafananaje. Lakini kampeni yenyewe kila nikiiona ni kiongozi anagawa mitungi mbele ya kamera. Mtungi wa kwanza haujawahi kuwa shida. Shida ni wa pili. Dar es Salaam KopaGas walishaonyesha kwamba mtungi unaweza kuwekewa mita ukalipia kidogo kidogo kwa simu, kama LUKU. Huku milimani hatujauona.

Na umeme upo. Mwaka 2022 gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani kwetu ikitokea Nyakanazi, baada ya miaka ya majenereta ya dizeli. Bwawa la Mwalimu Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Presha kuka ya umeme inaivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, tuseme nusu. Kwa bei ya mjomba hiyo ni shilingi 61. Hata kwa bei yetu ni 178. Mkaa wa buku hauwezi kushindana na hapo, wala gesi. Kwa hiyo chakula cha bei nafuu kuliko vyote, kisicho na moshi, kilikuwa umbali wa soketi moja, na kilichotuzuia ni karatasi mlangoni. Simlaumu sana mama kwa karatasi ile. Katika nyumba ya mita moja, jiko la umeme la mmoja ni vita ya wote, naye alikuwa amechoka kuamua ugomvi kwa simu.

Ninachodai kinajulikana ni kwa nani. Mwenye nyumba anayepangisha aandikishe idadi ya vyumba vilivyo kwenye mita yake, na TANESCO izidishe zile uniti 75 kwa idadi hiyo. Atakayedanganya atadanganya, kama wanavyodanganya sasa wenye nyumba moja waliofunga mita mbili ili wabaki D1. Na ile 1,500 itoke kwenye LUKU ya mpangaji.

Mwezi uliopita nilikusanya meseji zote za mwaka mzima zenye makato ya kodi, 12, nikazipanga kwa tarehe nikamtumia mama mwenye nyumba. Hakujibu kwa siku tatu. Siku ya nne alituma shilingi 3,000 kwa simu, bila neno lolote. Dada wa chumba cha mwisho alisema tuzinunulie umeme. Zilileta uniti 8.4, na usiku ule alisoma hadi saa nane.